KAZI YA MIKONO: Kata jiwe, usikate pumzi yako

Mwezi uliopita safu hii haikutoka na wengi wenu mlituuliza pale kwenye bomba la maji: "Jamani, mbona mmetuachia ukurasa mtupu?" Jibu ni kwamba tulikuwa Kampala, kule Mulago, mke na mume, tukimuuguza mpwa wetu. Tulikaa huko wiki 3. Tumerudi na kikapu cha nguo chafu na habari hii, ambayo yeye mwenyewe alituomba tuiandike. Jina lake hatulitaji. Alisema hivi: "Andikeni, wengine wasipite nilikopita."

Mpwa wetu ana miaka 26. Aliondoka hapa makazini miaka 3 iliyopita, akapanda basi Mbarara, akaenda Kampala kutafuta maisha kama vijana wengi wanavyofanya. Akapata kibarua cha kukata na kutandaza mawe ya sakafu za nje. Kampala wanayaita peva, Wakenya wanasema kabro, na sisi tuliotoka Kongo tunasema pave. Ni kazi nzuri. Kila mwenye nyumba ya kupangisha anataka ua wake usiwe na tope, na kila kanisa, duka na hoteli wanataka njia ya kupita watu na magari. Kijana mwenye nguvu hakosi saiti.

Lakini kazi hiyo hiyo ndiyo iliyomlaza. Leo tunataka kuzungumza juu ya vifaa na njia za kukata mawe haya, kwa sababu tunajua wapo vijana wengine wa hapa wanaofunga mizigo. Hatuwaambii wasiende. Tunawaambia wajue kukata.

TULIYOYAONA MULAGO

Mnaoijua Kampala mnajua kilima cha Mulago. Hospitali ilianza pale mwaka 1913, na lile jengo kubwa likaja mwaka 1962, mwaka wa uhuru wa Uganda. Chini ya kilima ziko Kalerwe, Bwaise, Kamwokya na Wandegeya, na huko nyumba zinajengwa kila siku. Mtu anayeuguza hana kazi nyingi mchana: anafua, anaanika, anasubiri saa ya kuingia wodini. Basi tukawa tunashuka hadi soko la Kalerwe kununua ndizi na maharage, na njiani tukakuta ua mmoja unatandazwa pave.

Upande wa geti walikuwa vijana 2 na grainda. Diski inalia, vumbi jeupe limewafunika nywele, kope na midomo, utadhani wametoka kwenye mashine ya kusaga unga. Mmoja alikuwa amejifunga leso puani. Wa pili hakuwa na kitu. Upande wa pili, chini ya mwembe, alikaa mzee mmoja na nyundo, tindo pana na gunia la mchanga. Anagonga, anageuza, anagonga, anageuza. Jiwe linakatika vipande 2, safi.

Tulimsalimu: "Jambo, mzee." Akaitikia: "Jambo, wanangu. Mnatoka wapi?" Kumbe ni mtu wa Bukavu. Mmoja wetu alikuwa fundi mwashi kule Goma kabla ya kukimbia, kwa hiyo maneno yakawa mengi. Tukamuuliza kwa nini hatumii grainda kama wale vijana. Akacheka: "Nilikuwa nayo. Niliiuza baada ya kuwazika wenzangu 2. Walikohoa kama wana TB, lakini haikuwa TB."

Hapo tulinyamaza, maana mpwa wetu pia alikuwa ameambiwa ana TB.

SWALI MOJA LA DAKTARI

Habari yenyewe ni hii. Mwaka jana mpwa wetu alianza kukohoa na kukonda. Akaenda kwenye kliniki moja ya mtaani. Hawakumpima makohozi, wala hawakumuuliza kazi yake. Wakampa dawa za TB, akameza miezi 6 yote bila kuruka hata siku moja. Kikohozi hakikuisha. Akawa hawezi kupanda ngazi bila kusimama katikati. Ndipo rafiki zake wakampeleka Mulago.

Kule daktari alimpima makohozi: hakuna TB. Akampiga picha ya kifua. Kisha akamuuliza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza mwaka mzima: "Unafanya kazi gani?" Akajibu: "Nakata peva." "Kwa kitu gani?" "Grainda." "Kwa maji au kavu?" "Kavu." Daktari akatikisa kichwa.

Ugonjwa wake unaitwa silikosisi. Ndani ya mawe mengi na mchanga mna madini yanayoitwa silika. (Si ile silika ya tabia ya mtu. Hii ni madini, ndiyo yanayofanya mchanga ung'ae juani.) Jiwe likikatwa kavu kwa mashine, silika inakuwa vumbi laini mno. Vumbi unaloliona hewani na kwenye nywele siyo baya zaidi. Lile baya ni lile usiloliona: linapita puani, linapita kooni, linakwenda hadi chini kabisa ya mapafu na kukaa humo. Mwili unajaribu kulizungushia kovu. Kovu juu ya kovu, mpaka pafu linakuwa gumu na halivuti hewa tena.

Kwa kawaida ugonjwa huu huja baada ya miaka 10 au zaidi ya kula vumbi. Lakini vumbi likiwa jingi sana, kama la kukata kavu kila siku, miaka michache inatosha. Dawa ya kuondoa makovu hayo haipo. Tena mwenye silikosisi hushikwa na TB kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine, kwa hiyo magonjwa haya 2 hufanana na pia hufuatana. Tangu mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka silika ya kazini katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo mzazi, mwanao akirudi kutoka saiti na kikohozi kinachozidi wiki 2, apimwe TB, ndiyo. Lakini mwambie daktari na kazi yake. Usingoje kuulizwa.

"MBONA BABU HAKUUGUA?"

Tuliporudi, jirani mmoja alitubishia: "Baba yangu alichonga mawe Goma maisha yake yote, akafa mzee wa miaka 80. Mnatutisha bure." Swali lake ni zuri, na jibu lake linafundisha.

Kwanza, mawe hayafanani. Goma tunajenga kwa mawe ya volkano. Nyiragongo ilipomwaga moto tarehe 17 Januari 2002 na kufunika sehemu ya mji, watu waliyavunja mawe yale yale yaliyowaunguzia nyumba, wakajengea tena. Mmoja wetu alikuwa kati ya hao mafundi. Sasa, uji wa moto wa Nyiragongo una silika kidogo kuliko mawe mengi, na silika yenyewe imefungamana na madini mengine, haiko peke yake kama kwenye mchanga. Vumbi lake si zuri, lakini halina ukali huo.

Mawe ya Kampala ni mengine. Miamba ya huko ni migumu na ina silika nyingi. Na pave za saruji? Zimetengenezwa kwa saruji, kokoto na mchanga, na mchanga ni silika tupu karibu wote. Vivyo hivyo mawe bapa ya Mazeras, karibu na Mombasa, ambayo Wakenya hupenda kutandaza kwenye bustani na njia. Yale ni mchanga wa kale ulioshikamana ukawa jiwe. Yanapendeza, yanapasuka kwa urahisi kwa tindo, lakini ukiyakata kavu kwa mashine unakula silika nyingi sana.

Pili, babu alitumia nyundo. Nyundo hupasua jiwe. Grainda husaga jiwe. Kupasua kunatoa vipande na vumbi kidogo. Kusaga kunatoa unga. Babu hakuwa na kitu kinachozunguka mara 11,000 kwa dakika mbele ya pua yake.

Na msidhani ni shida ya watu maskini tu. Australia, nchi tajiri, vijana waliokuwa wakikata mawe ya kiwandani ya meza za jikoni waliugua silikosisi kwa wingi mpaka serikali ikapiga marufuku mawe hayo kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Mengi ya mawe yale yalikuwa na silika zaidi ya sehemu 90 kwa 100.

KABLA YA KUKATA: PANGA UKATE KIDOGO

Mzee wa Bukavu alituambia kwamba fundi mzuri hajulikani kwa kukata sana, bali kwa kukata kidogo. Mambo haya yashikeni:

1. Tandaza kwanza pave nzima zote. Kukata kuje mwisho, pembeni tu.

2. Pima ua kabla ya kuanza. Pave ya kawaida ya mstatili ni sentimita 20 kwa 10, kwa hiyo mita mraba 1 inakula pave 50. Ua wa mita 6 kwa 4 ni mita mraba 24, yaani pave 1,200. Ongeza 5 hadi 10 kwa kila 100 kwa ajili ya zitakazokatwa na zitakazovunjika.

3. Ukiona pembeni kutabaki nafasi nyembamba, sogeza mstari wako wa kuanzia. Kipande kidogo kuliko theluthi ya pave hakikai: gari likipita mara 2 kinang'oka. Ni afadhali vipande vya nusu pande zote 2 kuliko pave nzima huku na kijipande kule.

4. Usipime kwa macho. Weka pave juu ya nafasi inayotakiwa kujazwa, chora mstari kwa chaki au penseli, ukiacha milimita 2 hadi 5 za mchanga wa kuunganishia. Kisha zungusha mstari pande zote 4 kwa skwea.

NJIA 4 ZA KUKATA

Ya kwanza: nyundo na tindo pana. Hii ndiyo ya bei ndogo na vumbi lake ni dogo. Unahitaji nyundo fupi nzito ya kilo 1 hadi 2, tindo yenye mdomo mpana, na gunia lenye mchanga au udongo laini. Jiwe lisiwekwe juu ya sakafu ngumu, litavunjika litakavyo lenyewe. Weka tindo wima juu ya mstari. Gonga polepole, sogeza, gonga, mpaka umalize upande wa juu. Geuza jiwe, fanya pembeni, fanya chini, fanya pembeni ya mwisho. Mzunguko wa kwanza ni wa kuchora tu. Wa pili unagonga kwa nguvu kidogo. Sikiliza: mlio mkali ukigeuka ukawa mzito, jiwe limeshaachana ndani. Pigo moja la mwisho katikati, linafunguka. Mzee alisema: "Vijana wanapiga mara moja kwa hasira, jiwe linavunjika vipande 5, wanasema jiwe ni baya." Haraka haraka haina baraka.

Angalieni kichwa cha tindo. Kikipigwa muda mrefu huchanua kama uyoga, na ncha zake huruka na kuingia machoni au mkononi. Kichongwe kabla ya kutumia. Na miwani ya kazi ni lazima hata kwa tindo. Jicho halina akiba.

Ya pili: mashine ya kupasulia kwa mkono. Ni fremu ya chuma yenye meno 2, moja juu, moja chini. Unaweka pave katikati, unavuta mkono wa chuma, inapasuka pwaa! Haina diski, haina umeme, na karibu haina vumbi. Kingo yake si laini kama ya grainda, lakini kwa ua wa kawaida inatosha. Mtu mmoja peke yake hawezi kuinunua kwa urahisi. Kikundi cha vijana 6 au 8 kinachoweka akiba kinaweza. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, fikirieni hili badala ya kununua viti vya plastiki vya kukodisha kila mwaka.

Ya tatu: msumeno wa maji. Upo wa mezani, ambapo diski inazunguka ndani ya maji, na upo wa petroli wa kushika mkononi, wenye mpira unaoleta maji kwenye diski. Maji yanalishika vumbi kabla halijaruka na kulifanya tope. Wataalamu wa usalama kazini wa Uingereza wanataka maji yasiwe chini ya nusu lita kwa dakika wakati wote wa kukata. Maana yake jerikeni ya lita 20 inakupa dakika 40 za kukata. Si maji mengi hayo jamani, ukilinganisha na pafu. Lile tope lisombeni likiwa bado bichi. Likikauka linarudi kuwa vumbi.

Ya nne: grainda kavu. Hii tumeiweka mwisho makusudi. Tunajua ndiyo wengi mtakayopewa, kwa hiyo hatuwezi kusema tu "msiitumie" tukanyamaza. Ikiwa huna njia nyingine:

- Usisage jiwe lote. Chora mfereji mwembamba wa kina cha nusu sentimita hadi sentimita 1 kwenye mstari, juu na chini, kisha malizia kwa tindo. Vumbi linapungua sana na diski inaishi muda mrefu.
- Kaa nje, mahali pa wazi, upepo ukitoka mgongoni mwako. Usikatie chumbani wala kwenye kona ya ukuta. Wenzako wasogee mbali.
- Leso si kinga. Barakoa ya kitambaa si kinga. Ile ya bluu ya hospitali pia si kinga, inaacha nafasi pembeni. Tafuta iliyoandikwa N95 au FFP3, na ikae imebana usoni. Ndevu zinaiachia nafasi.
- Tumia diski ya almasi ya mawe na saruji. Diski ya kukatia chuma ikitumiwa kwenye jiwe inapasuka. Soma namba kwenye diski: kasi iliyoandikwa isiwe ndogo kuliko kasi ya mashine. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, ile kubwa ya diski ya milimita 230 kama 6,600. Ukifunga diski ya polepole kwenye mashine ya kasi, umefunga bomu.
- Usikubali kung'oa kile kikinga cha chuma ati ili diski iingie ndani zaidi. Shika kwa mikono 2, simama pembeni ya mstari wa diski, na usiipindishe ikiwa ndani ya jiwe, itakurukia. Hakuna shati linaloning'inia, hakuna skafu.
- Usimwage maji kwenye grainda ya kawaida ya umeme. Haikutengenezwa kwa maji. Utakimbia vumbi, umeme ukukamate.

Na kama ni jiwe kubwa la mwamba, siyo pave? Hapo ni kazi ya kabari. Unatoboa mashimo yaliyonyooka mstari mmoja, umbali wa kama shubiri nusu, kwa tindo ndefu: piga, zungusha kidogo, piga. Kila shimo unaingiza vyuma 2 vyembamba na kabari katikati yao. Gonga kabari zote kwa zamu, kidogo kidogo, kisha ngoja. Mwamba unapasuka wenyewe kwenye mstari. Wengine huwasha moto juu ya mwamba ili upasuke. Moshi, hasa wa matairi, ni ugonjwa mwingine, na jiwe linapasuka ovyo, halifai tena kwa kutandaza.

VUMBI LISIJE NYUMBANI

Akina mama, hapa ni penu pia, na hata wake wa mafundi. Mume au kijana akirudi na nguo za saiti, asiingie nazo ndani wala asimbebe mtoto akiwa amezivaa. Avulie nje. Msizikung'ute, maana mnapokung'uta mnavuta ninyi. Ziloweke majini kwanza, kisha fua peke yake. Saiti pia, usifagie kavu: nyunyiza maji kwanza.

Na watoto wasikae karibu na mahali pa kukatia au kupondea. Tunakumbuka habari za ndugu zetu Waacholi waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda wakakaa Kireka, Kampala, mahali panapoitwa Acholi Quarter. Akina mama walikaa juani wakiponda kokoto kwa nyundo na kuuza kwa jerikeni, watoto migongoni. Hawakuwa na njia nyingine ya kula. Hatuwalaumu hata kidogo. Tunasema tu kwamba mtu akiwa na namna ya kumsogeza mtoto, hata mita 20, upepo usimfikie, amsogeze.

MAJIBU YA MASWALI YENU

"Ni kweli kunywa maziwa kunasafisha vumbi kifuani?" Hapana. Tumelisikia hili Goma, tumelisikia Kampala, na mpwa wetu alikunywa nusu lita kila jioni kwa miaka 3. Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu. Ni njia 2 tofauti. Kunywa maziwa kwa sababu ni chakula kizuri, usiyanywe ukidhani ni dawa. Tena ni hatari, kwa sababu mtu akishakunywa anaona ameshajikinga, na kesho anakata kavu tena.

"Sisi ni wakimbizi, tutadai barakoa kwa nani?" Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakuruhusu kufanya kazi. Mwaka huo huo ilitoka Sheria ya Usalama na Afya Kazini, inayomtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi pesa. Ipo pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 kwa anayeumia kazini. Tunajua, sheria ni karatasi na tajiri wa saiti ana watu 10 wanaosubiri getini. Mpwa wetu alipoomba barakoa aliambiwa: "Kama unaogopa vumbi, rudi kambini." Lakini mtu mmoja akiomba anafukuzwa, watu 5 wakiomba pamoja wakati wa kupatana bei, husikilizwa. Ombeni kabla ya kazi kuanza, siyo katikati. Na pataneni pia nani analipia diski, na kama vipande vya pembeni vinahesabiwa kwa mita au kivyake, kwa sababu hapo ndipo wengi hupunjwa na kukimbilia grainda ili wafidie muda.

"Anayekohoa aende wapi?" Anza kwenye kituo chetu cha afya, na useme kazi uliyofanya na kwa miaka mingapi. Wakiona inafaa watakupa barua ya kwenda hospitali kubwa. Kule Mulago ndiko iliko pia Taasisi ya Mapafu ya Chuo Kikuu cha Makerere.

TUMALIZIE

Mpwa wetu amerudi nasi. Mapafu yake hayatarudi yalivyokuwa, hilo daktari alimwambia wazi, na sisi hatutaki kuwadanganya. Lakini ameacha vumbi, na kuacha mapema ndiyo msaada mkubwa uliobaki. Hawezi kubeba jerikeni kutoka bombani hadi nyumbani bila kupumzika mara 3. Mikono yake bado ni mizima. Jumamosi hii aliketi mlangoni na gunia la mchanga, nyundo na tindo tuliyoinunua Kalerwe, maji kwenye kopo la kunyunyizia, miwani usoni na barakoa iliyobana, akawaonyesha vijana 4 wa bloku yetu namna ya kuzungusha mstari. Aligonga jiwe 1 tu, kwa mfano. Baadaye akawaachia wao wagonge, yeye akasogea upande upepo unakotoka, akawa anasikiliza mlio.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa kukata mawe, ndugu zetu, tunawaomba mchague.

Anayetaka kujifunza aje kwetu Jumamosi baada ya saa 3 asubuhi. Mje na miwani, hata ya kuazima. Mwezi ujao tukijaliwa tutazungumza juu ya kutengeneza jiko la udongo linalokula kuni kidogo. Mbaki salama.